Priseti za kupeana au kujifunza kumasta mwenyewe?

Priseti za rafiki, yaani mipangilio ya sauti aliyokwisha kuihifadhi, zina faida moja kubwa unapomasta (unapoipa sauti ya wimbo umbo la mwisho kabla haujatoka): haraka. Unafungua FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, unapakia mpangilio wake wa ikwalaiza (inayopandisha au kupunguza masafa ya sauti), kompresa (inayobana sauti inapozidi kiwango) na limita (inayozuia sauti isivuke kikomo), na wimbo unapata nguvu papo hapo. Kwa demo ya kumtumia msanii jioni hiyo hiyo, inatosha kabisa.

Tatizo ni kwamba priseti haisikii wimbo wako. Chukua kompresa iliyowekwa ianze kubana sauti inapovuka desibeli -18. Rafiki yako alirekodi kwa nguvu, ikamfaa. Wewe umerekodi chini, sauti haivuki -24: kompresa imewaka lakini haifanyi lolote. Ukirekodi juu kuliko yeye, inabana mpaka uhai wa uimbaji unapotea. Na ile ya bongo fleva ya taratibu ukiiweka kwenye singeli, ambayo inaweza kupita mapigo 200 kwa dakika, kompresa inayoachia polepole haiwahi kuachia kabla pigo linalofuata la ngoma halijafika.

Kujifunza kunachukua muda, na masikio huchoka. Lakini unajua kwa nini unagusa kila kitufe. Unajua pia kwamba kwa kawaida Spotify hushusha nyimbo zenye sauti kubwa hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kwa hiyo kuisukuma limita ili uwazidi wengine kunaua mapigo yako bure.

Mimi nachagua kujifunza, na priseti bado naziomba: nazifungua nione mwenzangu amepunguza masafa gani, kisha nazima kifaa kimoja kimoja nikisikiliza tofauti.