CPU ya kijijini kwetu Mbozi, msimu wa pili napeleka kahawa mbivu

Wakulima wenzangu mlioniuliza kama CPU, yaani kiwanda cha pamoja cha kumenyea kahawa mbivu, inalipa, nimepeleka misimu miwili sasa naandika nilichoona. Zamani nilikuwa namenya nyumbani kwa pulpa ya mkono, unachuma mchana kutwa, jioni umechoka halafu unazungusha mpini mpaka saa nne usiku na maji yenyewe wamebeba mama na watoto kwa ndoo, ukishindwa kumaliza mbivu zinalala kwenye kiroba asubuhi zinanuka pombe, hiyo kahawa ikija kuonjwa lazima iwe chachu. Na kila nyumba inavundika punje zilizomenywa kivyake ili ute uachie, huyu usiku mmoja yule siku tatu, halafu zote zinaenda ghala moja.

CPU wanamenya siku ileile. Ukifika unamwaga kwenye turubai unachambua, mbichi na zilizokauka pembeni, zinazobaki zinatumbukizwa majini, zinazoelea zinaenguliwa. Mara ya kwanza niliumia jamani, karibu debe zima nilirudi nalo, ila walikuwa sahihi, vibarua wangu walikuwa wanakwangua tawi lote. Sasa nawaongezea kidogo kwa kila debe wachume nyekundu tu, mti mmoja tunaurudia mara 3 au 4. Mashine inamenya na kutoa ulenda, yaani ule ute wa punje, humohumo kwa maji kidogo, kisha vichanja vya waya wiki mbili hivi kutegemea jua, kina mama wanageuza, jua la saa sita wanafunika, usiku wanafunika, mpaka unyevu ufike kwenye asilimia 12. Hapo ndo waliponikamata kabisa maana mimi nilikuwa naanika chini na kuku wanapita juu.

Kinachoniuma ni malipo. Malipo ya kwanza madogo, ya pili yanasubiri kahawa iuzwe mnadani, mwaka jana ada ya shule ilifika kabla ya hela nikakopa. Viongozi wabandike ukutani bei tuliyouzia na makato yote, mkulima asome mwenyewe. Na bei ya mbivu msiilinganishe kwa haraka na ya pachimenti, yaani kahawa iliyomenywa na kukaushwa ikiwa bado na ganda la ndani, kama kilo 5 za mbivu ndo zinatoa kilo 1 ya pachimenti, jirani yangu aliona bei ya mbivu ndogo akajitoa kwa hesabu hiyo tu.

Foleni mwezi wa saba ni ndefu, wahini kabla ya saa kumi. Nawapa nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nawapa siku makato yakibandikwa.