Tahadhari: "Watoto wa diskasi" wanaouzwa hapa Dar ni wazee waliodumaa

Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Dar, hasa nyie mnaojipanga kuanza na diskasi, wale samaki duara wa Amazoni, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa anatangaza "watoto wa diskasi, miezi miwili, rangi kamili, wazazi kutoka Ujerumani" kwa 70,000 kila mmoja. Nilinunua sita mwezi wa tatu. Wanne wamekufa, na wawili waliobaki hawajaongezeka hata unene wa ukucha. Jina lake silitaji, maana hata sina hakika kama alilonipa ni la kwake. Wakati wa kutuma hela simu iliniletea jina la mwanamke, akasema ni laini ya mkewe. Nitaeleza anavyofanya kazi, kwa sababu akaunti anabadilisha kama shati.

Mimi si mgeni wa maji. Nafuga hapa Tabata mwaka wa sita sasa. Nilianza na vile visamaki vya gapi kama kila mtu, nikaja kwa samaki malaika, wakazaliana mpaka nikawa nagawa bure mtaani. Nasema haya ili mtu asidhani wanaoingizwa mjini ni wale tu wasiojua filta ni nini. Kilichoniponza ni tamaa. Diskasi nimewatamani miaka yote hiyo, na bei za wakubwa huwa zinanifukuza dukani.

Kilichoninasa ni video. Samaki kama ishirini, duara kama visahani vya chai, wanamgombania mtu chakula mkononi. Nikamwambia nataka kuja kuwaona. "Bosi, nyumbani kuna mgonjwa, tukutane Kariakoo, mimi nakuletea." Akataka nusu ya hela kwanza, 210,000, eti wateja ni wengi na watoto wamebaki wachache. Hapo tu ningesimama. Sikusimama.

Tulikutana saa moja jioni, taa za maduka zimeshawaka, watu wanasukumana, bodaboda yake inanguruma haijazimwa. Samaki walikuwa ndani ya mfuko mweusi uliofungwa ndani ya mfuko mwingine mweusi. Nikataka kufungua niangalie. Akanishika mkono: "Kaka, usifungue, mwanga utawashtua wafe." Na hapa ndipo mjue mtu huyu ni fundi. Ni kweli samaki husafirishwa gizani ili watulie, nami nilikuwa nalijua hilo. Aliuchukua ukweli ninaoujua akafunikia uongo wake. Nikamalizia hela nikapanda bajaji nimekumbatia mbuzi wangu kwenye gunia.

Nyumbani niliuelesha mfuko juu ya maji ya tangi, nikawaongezea maji ya tangi kidogo kidogo kwa saa nzima, nikawaachia. Wakaenda kujibana kona ya nyuma, weusi, mistari ya wima imejichora mwilini. Hilo halikunitisha, diskasi akiwa na hofu hufanya hivyo. Asubuhi walipotulia ndipo nikaona macho.

Macho yalikuwa makubwa mno. Nilichukua rula ya mwanangu ya shule nikaiegemeza kwenye kioo, nikasubiri mmoja apite karibu. Mwili sentimita 5 tangu mdomoni hadi mwanzo wa mkia. Jicho lilikaribia sentimita nzima. Tena mwili wenyewe haukuwa duara. Ulikuwa umerefuka kama yai lililolazwa, paji la uso limebonyea, na nyuma ya kichwa nyama imekwisha. Wale wa kwenye video jicho lilionekana kama punje ya pilipili manga kwenye kisahani.

Nikampigia mzee mmoja wa Kigamboni ambaye amewafuga samaki hawa muda mrefu kuliko nilivyofuga mimi kitu chochote. Baada ya shikamoo nikamtumia picha. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hao si watoto. Hao ni watu wazima walionyimwa chakula."

Akanieleza, nami nawapa kama nilivyoelewa. Diskasi sehemu kubwa ya kukua anaimaliza ndani ya mwaka wa kwanza. Akitunzwa vizuri, akifikisha mwaka anakuwa na sentimita 12 na kuendelea, na mkubwa kamili anafika 15 mpaka 20. Muda huo wa mwanzo akibanwa kwenye ndoo na wenzake hamsini, maji machafu, chakula mara moja kwa siku, mwili unasimama ila jicho linaendelea kukua. Ukishamkuta hivyo umechelewa. Utampa maji safi na chakula kizuri, ataishi pengine, lakini duara lile hatalipata tena. Mfugaji anayejua kazi huwatoa hao kwenye kundi lake, hawapeleki sokoni. Kwa huyu jamaa, kwa ninavyoona, hao ndio bidhaa yake.

Sasa rangi. Tangazo linajisifu "rangi kamili", na wengi wetu tunaona hiyo ndiyo sababu ya kununua. Kwa diskasi mdogo ni kengele ya hatari. Watoto halisi wa aina za feruzi, wale wenye michirizi ya bluu, wakiwa na sentimita 5 huwa wamefifia, kahawia kijivu, mistari ya wima inaonekana, bluu kidogo tu kwenye mapezi na usoni. Michirizi hujaa mwilini miezi mingi baadaye. Zipo aina nyekundu na za manjano zinazoonyesha rangi mapema kidogo, sikatai, lakini feruzi wa miezi miwili anayewaka kama taa za sherehe, jiulize. Ama ni mzee aliyedumaa, ama amelishwa homoni.

Homoni hiyo wala si siri. Ni jamii ile ile wanayotumia wazalishaji wa vifaranga vya sato kupata dume tupu bwawani. Ukiichanganya kwenye chakula cha diskasi mdogo, rangi inachomoza kabla ya wakati. Ukiacha kumpa, inanywea. Kwangu mimi wawili kati ya sita walififia ndani ya wiki tatu, bluu ikaondoka kama kitenge kilichofuliwa kwa sabuni kali. Wanne rangi zao zilibaki vile vile, na hawakukua. Kwa hiyo naamini niliuziwa mchanganyiko: wanne wazee, wawili wa dawa. Na hao wa dawa usitegemee wakuzalie, homoni huwavuruga uzazi.

Nilipomlalamikia hakugomba. Alikuwa mpole sana. Swali lake la kwanza: "Bosi, umeme haukukatika kwako kweli?" Jamani, Dar nani hajakatikiwa umeme? Nikajibu ulikatika saa mbili hivi usiku wa Jumanne, akashusha pumzi, "Unaona sasa." Sikumwambia kwamba nina pampu ya hewa ya betri, na kipimajoto asubuhi yake kilisoma 28. Akaendelea na ushauri: mlishe mara moja tu kwa siku, wakila sana wanavimbiwa, maji badilisha mara moja kwa mwezi, maji mapya yanawaumiza.

Ushauri huo ungeua hata samaki wenye afya. Diskasi mdogo anahitaji kula kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, atemia (vijikamba vidogo sana), moyo wa ng'ombe uliosafishwa mafuta ukasagwa, punje nzuri za chakula cha samaki. Na kwa kuwa anakula hivyo, maji yanachafuka haraka, kwa hiyo unabadilisha nusu ya tangi kila siku au kila baada ya siku moja. Maji ya DAWASA nayaweka kwenye pipa siku nzima na pampu ya hewa ikitoa mapovu, klorini iondoke, kisha nayapasha joto lilingane na la tangi, 28 mpaka 30. Kama unatumia kisima, pima kwanza. Visima vingi vya huku kwetu vina chumvi, na samaki huyu asili yake ni maji laini ya Amazoni, hafanani na hawa wetu wa Ziwa Tanganyika wanaopenda maji magumu. Sakafu ya tangi la watoto iache tupu, bila mchanga, mabaki yaonekane na yanyonywe.

Wiki ya nne mmoja akaanza kutoa kinyesi cheupe chembamba kama uzi, akigoma kula. Mwingine akawa anapumulia upande mmoja, shavu la kulia linafunguka, la kushoto limefungwa kabisa. Nikafanya kosa la pili, nikamuuliza yule yule muuzaji. Akaniletea "dawa ya Ujerumani", 35,000, kwenye chupa ya maji ya nusu lita, haina karatasi wala maandishi, ndani kimiminika cha bluu iliyokolea. Tangi likawa la bluu. Gundi ya pembeni mwa vioo ikawa ya bluu na mpaka leo ni ya bluu, mama watoto ananiuliza kila siku kama tunafuga wino. Dawa ile iliua vijidudu wazuri waliokuwa kwenye filta yangu, amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki waliyokuwa wakiimaliza, ikapanda, na ndani ya siku tatu nikatoa wawili wamekufa. Baadaye mzee wa Kigamboni akaniambia uzi mweupe mara nyingi ni vimelea vya tumbo, na kupumulia upande mmoja mara nyingi ni minyoo ya matamvua, yaani mashavu ya kupumulia, kila kimoja na dawa yake, na wala hakuna hata kimoja kinachotibiwa kwa kupaka tangi rangi. Kufikia hapo wawili wengine walikuwa hawasimami wima tena.

Kwa anayetaka kununua, kutoka kwa yeyote yule: nenda ukawaone kwenye tangi lao, mchana. Omba walishwe mbele yako. Mtoto mwenye afya atakimbilia chakula, hatajificha. Tazama jicho, tazama umbo, hesabu anavyopumua, pande zote mbili zifunguke. Na omba kuona wazazi. Diskasi akitotoa, watoto hunyonya ute unaotoka kwenye ngozi ya baba na mama, wanang'ang'ania ubavuni kama nyuki. Mtu anayezalisha kweli atakuwa na picha hizo mia, tena atakuchosha nazo. Huyu jamaa nilipomuuliza akasema kwake wanatotoleshwa kwa mashine "kama kuku". Kuna wataalamu wanaoweza kuwakuza bila wazazi, kwa tabu kubwa. Lakini mtu asiyeweza kukuonyesha hata tangi lake?

Kama huwezi kufika, mwambie apige video muda huo huo, aweke kando ya kioo karatasi yenye jina lako na tarehe. Mimi nilimwomba baadaye, kwa kujifanya mteja mpya kwa namba ya shemeji. Akanitumia video ile ile ya mwezi wa tatu. Nikasisitiza karatasi, akanipiga bloku.

Na ukifanikiwa kuwapata wenye afya, bado waweke tangi la peke yao wiki nne mpaka sita kabla hujawachanganya na wengine. Mimi nilikuwa na tangi jipya, ndiyo bahati pekee niliyopata. Malaika wangu wa sebuleni hawakuguswa.

Hela haijarudi. Huduma kwa wateja ya mtandao wameniambia nilituma mwenyewe kwa hiari na aliyepokea ameshatoa, hawana cha kuzuia. Namba yake nimeituma 15040, kule kule tunakopeleka wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Polisi nimefungua taarifa, nikaulizwa mara mbili kama ni samaki wa kula.

Juzi nimeona tangazo jipya, akaunti nyingine, jina lingine, bei imeshuka hadi 60,000, na safari hii wazazi wametoka Malesia. Video ni ile ile. Nyuma ya tangi kuna feni ya mezani nyeupe isiyo na kava la mbele, na chini yake ndoo ya rangi ya lita 20 yenye kifuniko chekundu kilichopasuka. Ukiiona feni hiyo, ni yeye.