Bluebeam Revu 21 mezani kwa mkadiriaji majenzi wa Dar

Revu ni programu ya PDF iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa ujenzi. Unafungua mchoro, unaipa skeli, unabofya kona za jengo, nayo inakutolea mita, mita za mraba na mita za ujazo. Aliyezoea rula ya skeli na kalamu ya rangi anaielewa ndani ya saa moja. Wauzaji husifia kasi, na kasi kweli ipo, ila faida kubwa ni nyingine: kila kipimo kinabaki kimechorwa juu ya mchoro kwa rangi yake. Mkandarasi akilalamika kwamba plasta imepunjwa, unabofya mstari kwenye orodha na programu inakupeleka kwenye ukuta wenyewe. Ubishi wa nusu siku kwenye kikao cha saiti unaisha kabla chai haijapoa.

Watu huharibikiwa mwanzoni kabisa, kwenye skeli. Mchoro wa A1 wa 1:100 ukishushwa kuwa A3 unakuwa 1:200. Ukiamini maandishi ya pembeni, kila urefu unatoka nusu na kila eneo linatoka robo. Kosa kubwa hivyo angalau linashtua. La hatari ni dogo: mtu kaminya mchoro uingie kwenye karatasi, ukashuka hadi asilimia 96. Urefu unapungua asilimia 4, eneo karibu asilimia 8. Zege la jamvi lililopaswa kuwa mita za ujazo 60 linasomeka 55 na ushee, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko karibu 30 ya saruji ambayo haimo kwenye BOQ, yaani orodha ya vipimo na bei za kazi.

Kwa hiyo usichague skeli kwenye orodha. Bonyeza Calibrate, upime umbali ulioandikwa kwenye mchoro, na uchague ulio mrefu kuliko yote, kwa mfano gridi ya kwanza hadi ya mwisho. Kwenye 1:100, kuteleza milimita 1 ya karatasi ni milimita 100 za jengo. Ukiwa umepimia mlango wa milimita 900, umekosea asilimia 11. Ukiwa umepimia gridi za mita 24, kosa halifiki hata nusu ya asilimia. Kisha hakiki kwa kipimo kingine cha upande wa wima. Visipokubaliana, skana imevuta karatasi upande mmoja. Programu inaruhusu skeli mbili tofauti, ya mlalo na ya wima, ila ni afadhali kuomba mchoro mwingine.

Na uombe vizuri. Picha ya simu iliyopita WhatsApp haifai kupimiwa kitu. Mwambie akitekti atoe PDF moja kwa moja kutoka ArchiCAD au AutoCAD, aitume kama faili. PDF ya namna hiyo ina mistari halisi, na kishale kinanasa kwenye kona chenyewe. Kwenye skana hakinasi, unabahatisha kwa jicho. Ukurasa ukiwa na plani ya 1:100 na sekisheni (mchoro wa mkato) ya 1:20 pamoja, kila moja itengewe Viewport yake, yaani eneo lenye skeli yake, la sivyo skeli ya mwisho uliyoweka inatawala ukurasa mzima.

Chukua kuta za tofali la inchi 6 za nyumba ya vyumba vinne. Unafuata kuta, unapata mita 86.40. Unaweka kimo cha 2.85, zinatoka mita za mraba 246.24. Madirisha 12 ya 1.5 kwa 1.2 ni 21.60, milango 9 ya 0.9 kwa 2.1 ni 17.01, ukitoa, zinabaki 207.63. Hesabu safi, lakini umebofya wapi? Ukipita kona za nje badala ya katikati ya ukuta, kwenye mzunguko wa mstatili wenye ukuta wa milimita 150 umeongeza mita 0.60, yaani mita ya mraba 1.71 ya tofali hewa. Programu haikemei.

Haijui kanuni za upimaji pia. Kwa SMM7, kanuni za zamani za Uingereza, tundu kwenye plasta lisilozidi mita ya mraba 0.5 halitolewi, kwa NRM2 zilizozirithi mpaka ni mita ya mraba 1. Revu itatoa kila tundu utakalolichora. Paa nalo ukilipima kwenye plani bila kuweka mwinamo, kwa nyuzi 25 unapunguza bati kwa zaidi ya asilimia 9. Nondo hazimo kabisa, maana orodha ya kukunja nondo utaendelea kuifanya Excel kwa kanuni ile ile ya kipenyo kwa kipenyo gawanya kwa 162. Kwa milimita 12 ni kilo 0.89 kwa mita.

Quantity Link inaunganisha vipimo na seli za Excel, ukirekebisha mchoro BOQ inafuata. Ni kipande kizuri kuliko vyote na ndicho kinachokatika kwa urahisi. Kinatambua vipimo kwa jina, hivyo mmoja akiandika "Ukuta 150" na mwenzake "ukuta-150", jumla inagawanyika. Tengenezeni seti moja ya zana zenye majina tayari, wote waitumie. Na folda isihamishwe katikati ya kazi.

Quantity Link inaanzia kwenye kifurushi cha Complete. Basics na Core hazina. Malipo ni kwa mwaka, kwa dola, na leseni inafungwa kwa mtu na barua pepe yake, kwa hiyo vijana wawili wa ofisi hawawezi kupokezana moja. Nakala za mtaani za kwenye flashi hazina uhakika wa kuingia Studio, ambako watu kadhaa hufanyia kazi mchoro mmoja. Toleo la Mac lilishasitishwa. Anayepokea modeli za jengo za 3D (faili za IFC) atazame CostX, programu nyingine ya upimaji, kwa sababu Revu ni mtu wa karatasi. Zabuni za serikali zinazopita NeST, mfumo wa ununuzi wa umma mtandaoni, hazipunguziwi kazi yoyote; bei utajaza kule kule.

Ofisi inayopima nyumba mbili tatu kwa mwaka ibaki na rula yake. Inayopokea michoro iliyorekebishwa kila wiki ilipie Complete moja kwanza. Majaribio ni siku 14 bila malipo: yafungue siku ambayo PDF safi ya kazi halisi imeshafika, si wiki unayomsubiri akitekti.