Vipande vya kugeuzia Spitfire ya 1:24: nini cha kununua ukiwa Mbeya au Iringa

Tuseme unayo modeli ya plastiki ya Spitfire Mk I, toleo la kwanza la ndege hiyo ya kivita ya Uingereza, kutoka kampuni ya Airfix, ile ya kipimo cha 1:24 (ndogo mara 24 kuliko ndege halisi) iliyoanza kuuzwa 1970, mabawa sentimita 47 hivi kutoka ncha hadi ncha. Unataka iwe Mk Vb, toleo la baadaye, ya jangwa la Afrika Kaskazini. Utahitaji mizinga miwili ya Hispano ya milimita 20, na lile chujio kubwa la hewa la Vokes linalotokeza chini ya pua kama kidevu. Vyote utavichonga mwenyewe. Usihangaike kutafuta duka la modeli Mwanjelwa wala Mashine Tatu, tafuta mafundi.

Ninachokiweka juu ya vyote ni plastiki ya ndani ya friji bovu. Kwa kawaida ni polistireni, ukoo uleule wa plastiki ya modeli yako, au ABS, aina nyingine ya plastiki ngumu. Mwombe fundi friji akukatie kipande kwenye ukuta, si kwenye kona, kwa sababu kiwandani plastiki hiyo huvutwa ikiwa ya moto na konani hubaki nyembamba. Kabla ya kulipa, dondoshea tone la thina. Ikilainika na kunata, chukua. Isipobadilika, kama plastiki ya ndoo, iache, maana gundi haitaishika. Hakikisha gesi imeshatolewa, na povu lililoganda nyuma libandue kwa kisu ukiwa nje.

Chujio la Vokes hufinyangwa hivi: unachonga umbo la mti, unapasha plastiki, unaivuta juu ya umbo. Usijaribu kwa maji ya moto. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94, na polistireni hulegea karibu na 100. Tumia jiko la mkaa, ukiishikilia plastiki juu, mbali na makaa, na uigeuzegeuze. Kwa umbo lenyewe, paini ya Mafinga ni rahisi kupata, ila miduara yake ina tabaka laini na gumu. Msasa hula lile laini kwanza, na mistari hiyo yote hutokea kwenye plastiki. Heri mabaki ya mninga kwa mafundi samani.

Nafasi ya pili ni ya sindano za famasi, na hapa kuna bahati ya ajabu. Mzinga wa milimita 20 ukiugawa kwa 24 unapata 0.83. Tundu la sindano yenye kitako cha pinki ni 0.84! Hakuna keekee itakayokupa mdomo wa mzinga safi namna hiyo. Nunua mpya, kata ncha kwa tupa kabla ya jambo lingine lolote, na usiokote zilizotumika.

Ya tatu ni gundi ya epoksi ya mirija miwili, ya kujazia pale chujio linapokutana na pua. Changanya na poda ya mtoto hadi iwe nzito. Muda ulioandikwa kwenye pakiti ni wa chumba chenye joto. Juni na Julai, hasa ukiwa Njombe, iache hadi kesho yake. Mwenye haraka atumie supagluu na soda ya kuokea, ambayo huganda papo hapo, lakini aipige msasa mara moja kabla haijawa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka.

Kopo la soda ni la nne, na ni la bure. Bati lake ni milimita 0.1 hivi, linafaa kwa vifuniko vya rejeta na kingo zote zinazotakiwa kuonekana nyembamba.

Ubao wa PVC wa wachora mabango haunivutii. Ukingo wake ukikatwa ni vitundu vitupu, na supagluu ndiyo unayobaki nayo. Kwa mifupa ya ndani isiyoonekana, sawa, lakini omba mabaki, usinunue ubao mzima.

Mwisho naweka seti za resini, yaani vipande vilivyotengenezwa tayari, za kuagiza nje. Kazi yake ni nzuri, ila usafirishaji na ushuru vinaweza kuzidi bei ya kipande, na vumbi lake si la kuvuta: sugua kwa msasa wa maji, na barakoa usoni. Nisingeagiza chujio. Ningeagiza matairi au mabomba ya moshi, vitu vinavyotakiwa kufanana kabisa, na kwanza ningesoma seti imepimwa kwa modeli ya kampuni gani, kwa sababu iliyotengenezwa kwa boksi la wengine mara nyingi haikai.