Mashine ya saksheni ya betri kwa mtoto mwenye trakeostomi: tathmini yangu kutoka Pasua, Moshi

Kama mnajiandaa kurudi nyumbani na mtoto mwenye trakeostomi (tundu la kupumulia lililofunguliwa shingoni) na mmeshapewa orodha ya vifaa vya kununua, mashine ya kufyonza makohozi ichagueni kwa betri yake. Wauzaji wengi watakuonyesha magurudumu, ukubwa wa chupa na nguvu ya kuvuta. Mimi ni fundi umeme, binti yetu ana miaka miwili na anapumulia mrija namba 4 shingoni. Umeme ukikatika saa nane usiku, makohozi hayasubiri TANESCO.

Tuliyonayo ni ya kubeba: ina mkanda wa begani na chupa ya lita 1. Inatumia umeme wa ukutani, betri yake ya ndani, au waya wa volti 12 wa kuchomeka kwenye gari. Huo waya ndio ulionifanya nilipe, maana bei yake si ndogo hata kidogo. Bajaji ya jirani yetu nimeifungia soketi, na siku ya kliniki mke wangu anamfyonza mtoto njiani kuelekea hospitali ya KCMC bila wasiwasi.

Geji ya mashine, inayoonyesha nguvu ya kuvuta, inasoma kilopaskali, wakati sista aliyetufundisha alitutajia milimita za zebaki: kwa mtoto wetu, 80 hadi 100. Hiyo ni takriban kilopaskali 11 hadi 13. Mke wangu alichukua rangi nyekundu ya kucha akachora vistari viwili juu ya kioo cha geji, na sasa hata bibi akishika zamu anajua mshale ukae wapi. Ni jambo la kuzingatia sana, kwa sababu mashine ina uwezo wa kuvuta kwa nguvu kubwa kupita hapo, na nguvu hiyo inachubua njia ya hewa ya mtoto hadi damu itoke. Nobu ya hii yetu inazunguka taratibu na inabaki pale ulipoiacha. Kuna nyingine niliijaribu, nobu yake ikawa inasogea yenyewe kadiri mashine inavyotetemeka. Hiyo sikuitaka.

Tunatumia katheta (mirija myembamba ya kufyonzea) namba 8, zile zenye kichwa cha buluu. Tunaingiza hadi alama tuliyopimiwa, kidole gumba kikiwa hakijaziba tundu la katheta. Kisha tunaziba na kutoa huku tukizungusha, isipite sekunde 10. Binti yetu hulia bila sauti, maana hewa inatokea shingoni kabla haijafika kwenye nyuzi za sauti, kwa hiyo usiku sisi tunalala tukisikiliza ule mkoromo wa majimaji. Siku hizi akisikia mashine inawaka, anainua kidevu mwenyewe.

Kelele ni kubwa. Juu ya meza ya mbao inanguruma kama jenereta. Kipande cha godoro chini yake kimesaidia. Udhaifu mkubwa zaidi ni filta, kile kiduara cheupe kati ya chupa na mota. Kikilowa, mashine inaunguruma lakini haivuti kitu. Usingoje chupa ifike juu. Sisi tunaimwaga ikifika nusu, na kila asubuhi inaoshwa kwa sabuni.

Duka nililonunua lipo mjini, la vifaa tiba. Kijana wa pale aliniletea beseni la maji, akaniacha nivute kwa betri mpaka iishe yenyewe. Ilipita nusu saa ikivuta mfululizo, na kwa kuwa nyumbani tunawasha sekunde chache tu kila mara, inatuvusha usiku mzima. Duka la kwanza nililoingia walikataa hata kufungua boksi kabla sijalipa, nikatoka.

Pamoja na hayo yote, pembeni ya kitanda kuna pampu ya kukanyaga kwa mguu na bomba la sindano la mililita 60 linaloingia kwenye katheta. Mota ikiungua, mtoto atafyonzwa. Kifaa chochote cha umeme huharibika, hilo nalijua kwa kazi yangu.

Filta za mashine hii sijazipata Moshi. Dukani waliniagizia Dar, zikaja na basi pamoja na chupa ya akiba. Ukiinunua, lipia na hizo siku hiyo hiyo.