Kuunganisha Vifaa vya Maabara na Kompyuta: Njia Ipi Uinunue Kwanza

Kabla ya kutoa fedha, geuza kifaa chako utazame mgongo wake, kwa sababu matundu utakayoyakuta pale ndiyo yatakayoamua ununue nini.

Kwa anayetaka kukiendesha kifaa akiwa mbali, naweka LAN, yaani tundu la kebo ya mtandao wa ndani, nafasi ya kwanza bila kusita. Kebo ya Etheneti hufika mita 100, na ndani ya tundu lake mna transfoma ndogo zinazotenganisha umeme wa kifaa na wa kompyuta, jambo linalosaidia sana unapopima volti ndogo. Vifaa vingi hupokea amri kupitia poti 5025, ambayo si tundu bali ni namba ya mlango wa programu kwenye mtandao: unatuma *IDN?, amri ya kukitaka kifaa kijitambulishe, nacho kinarudisha jina la mtengenezaji, modeli, namba yake ya utambulisho na toleo la programu, vikitenganishwa kwa mkato. Jibu hilo likifika, sehemu ngumu imekwisha. Hata hivyo, poti hiyo kwa kawaida haiulizi nywila, na mtu asiyekujua anaweza kuwasha kifaa cha kugawa umeme wakati mwenzako ameshika nyaya zake. Nakusihi usikiache wazi kwenye intaneti. Kibaki katika mtandao wa ndani, nawe uingie kwa VPN, yaani njia ya siri inayokuingiza katika mtandao huo ukiwa mbali. Uliza pia kama LAN imo katika bei, kwani kwa baadhi ya modeli ni nyongeza inayolipiwa.

Nafasi ya pili ni USB. Kebo yake ni ileile ya printa na ni rahisi kupatikana, lakini isizidi mita 5, kwa hiyo kompyuta lazima ikae mezani karibu na kifaa, nawe uifikie kompyuta hiyo kwa mtandao. Hakikisha tundu liko nyuma na ni la mraba. Lile la mbele mara nyingi ni la flashi tu.

GPIB, njia ya zamani ya kuunganisha vifaa vya maabara iliyoanzia Hewlett-Packard na kuwa kiwango cha IEEE 488 mwaka 1975, naiweka ya tatu kwa sababu ya bei ya adapta ya kuiunganisha na kompyuta peke yake. Plagi zake hupandana na kufungwa kwa skrubu, na basi moja, yaani mstari mmoja wa nyaya za pamoja, hubeba vifaa 15, kompyuta ikiwemo, kwa kebo zisizozidi mita 20 kwa jumla. Mwenye multimita nzuri za zamani tatu au nne atainunua adapta hiyo kwa haki, mradi draiva yake, yaani programu inayoiendesha, inakubaliana na mfumo wa kompyuta aliyonayo.

RS-232, njia ya zamani inayotuma data biti moja baada ya nyingine, ni ya mwisho. Kasi, pariti (biti ya kukagua makosa) na biti za kusimamisha, zinazoonyesha mwisho wa kila herufi, lazima zilingane pande zote mbili, na vifaa vingine hutaka kebo inayopishanisha pini 2 na 3. Ukikosea kebo kunakuwa kimya, na ukikosea kasi zinakuja herufi zisizosomeka.

Njia yoyote utakayochagua, tafuta kwanza kitabu cha amri cha modeli hiyohiyo, kwa maana kisipopatikana utakuwa na tundu na kebo, lakini hutajua cha kukiamuru kifaa.