Siku ya Grand National katika duka la kubeti karibu na Tom Mboya: pa kutazamia, si pa kuamulia

Maduka ya kubeti ya katikati ya Nairobi huishi kwa mpira wa miguu, lakini kuna Jumamosi moja ya Aprili ambayo baadhi yao hubandika picha ya farasi mlangoni, kwa kuwa jioni hiyo ndipo Grand National, mbio za farasi za kuruka vizuizi, inapokimbiwa katika uwanja wa Aintree, Liverpool. Duka ninalolitathmini hapa liko ghorofa ya kwanza, hatua chache kutoka Barabara ya Tom Mboya, na jina lake nimeliacha kwa makusudi, maana kasoro nitakazozieleza nimeziona kwingine pia. Nililipima kwa kigezo kimoja tu: iwapo mteja anayetaka kuzichambua mbio za kuruka vizuizi kabla ya kutoa shilingi yake anapata humo anachohitaji. Kwa kutazama, duka linafaa sana. Kwa kuamua farasi wa kumwekea dau, halifai, na asiyejiandaa tangu nyumbani atakuwa anabahatisha.

Sifa zake zipo na ni haki kuzitaja. Viti ni vya kutosha, skrini ni kubwa na safi, na sauti ya mtangazaji inasikika bila kushindana na muziki. Saa nazo zinampendelea mkazi wa Nairobi: ifikapo Aprili, Uingereza huwa imekwisha kusogeza saa zake mbele, hivyo Grand National, ambayo tangu mwaka 2024 huanza saa kumi alasiri kwa saa za huko, huonekana hapa saa kumi na mbili jioni, wakati wengi wa wanaofanya kazi Jumamosi wameshafunga. Siku hiyo haina mbio moja tu. Zipo za viunzi vyepesi, zipo za vizuizi vikubwa, na ile ya kufungia siku haina cha kuruka kabisa. Duka lilizionyesha karibu zote.

Tatizo linaanza kwenye karatasi ya mbio. Ile iliyochapishwa na duka ilikuwa na vitu vitatu: namba ya farasi, jina lake na odi, yaani namba inayozidishwa kwa dau lako akishinda. Anayekwenda uwanja wa farasi wa Ngong, hapa Nairobi, hata akiwa na karatasi maskini namna hiyo, anaweza kusogea kwenye uzio akawatazama farasi wakizungushwa kabla ya mbio, akaona nani ametulia na nani ameloa jasho mapema. Tena mbio za pale ni za tambarare, zisizo na cha kuruka, na hata Kenya Derby ni mita 2,400 tu. Grand National ni takriban kilomita 7 na miruko 30, na farasi wanaoruhusiwa kuanza ni hadi 34, idadi iliyopunguzwa kutoka 40 mwaka 2024 kwa ajili ya usalama. Sisi Wakenya tunazijua mbio za viunzi na maji kwa miguu ya watu, tangu Amos Biwott alipotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1968, na tunaelewa vyema kwamba mwenye kasi si lazima awe ndiye anayeruka vizuri mguu ukishachoka. Farasi huchoka hivyo hivyo, naye ana mzigo mgongoni.

Mzigo huo ndio jambo la kwanza lililokosekana. Grand National ni mbio za hendikapu, maana yake farasi aliyeonyesha ubora zaidi hubebeshwa uzito zaidi ili walio chini yake wapate nafasi. Wa juu kabisa hubeba takriban kilo 75, mpanda na tandiko vikiwemo. Kumtaja farasi bila uzito wake ni kuficha nusu ya habari. Hali ya uwanja nayo haikuandikwa popote, ingawa mvua ikinyesha usiku kucha, udongo mzito humnyonya farasi nguvu katika kila mruko, na yule aliyeng'ara kwenye uwanja mkavu hugeuka kuwa wa kawaida kabisa.

Kilichonikera zaidi kwenye karatasi hiyo ni kukosekana kwa rekodi ya mbio zilizopita, kwa sababu katika mbio za kuruka, rekodi hiyo haina tarakimu tu za nafasi bali pia herufi zinazosema mengi. F humaanisha kwamba farasi alianguka, U kwamba alimwangusha mpanda wake, P kwamba mpanda alimsimamisha kabla ya mwisho. Farasi mwenye F mbili katika mbio zake za karibuni anaweza kuwa na kasi ya kutisha, lakini Aintree kuna Becher's Brook, kizuizi ambacho upande wa kutua uko chini kuliko upande wa kurukia, nacho hurukwa mara mbili. Majina ya wakufunzi pia hayakuwepo. Mwaka 2025 mkufunzi mmoja wa Ireland, Willie Mullins, alitoa farasi walioshika nafasi zote tatu za mwanzo; mshindi, Nick Rockett, aliyepandwa na Patrick, mwana wa Mullins, alikuwa na odi ya 34 kwa mtindo wa hapa kwetu. Mteja mwenye majina ya wakufunzi mbele yake angekuwa angalau na sababu ya kumtupia jicho la pili. Taarifa hizi zote hupatikana bure kwenye mtandao asubuhi ya mbio, kwa hiyo duka haliwezi kusema kwamba ni ghali kuzichapisha.

Kuna suala la nafasi, na hapa pesa halisi zinahusika. Katika mbio zenye farasi wengi hivi, mimi hupendelea dau la kushinda pamoja na kushika nafasi, ambalo kwa kweli ni madau mawili: moja kwamba farasi atashinda, jingine kwamba atamaliza katika nafasi chache za mwanzo. Tuseme umeweka shilingi 200 kila upande, jumla 400, kwa farasi mwenye odi ya 21, naye akamaliza wa tatu. Upande wa kushinda umepotea. Upande wa nafasi, kama duka linalipa robo ya odi, utapata shilingi 1,200: odi ya 21 ni faida ya mara 20 pamoja na dau lako, robo ya 20 ni 5, yaani faida ya 1,000 na dau lako la 200. Kama linalipa sehemu moja ya tano, utapata 1,000. Desturi ya Uingereza katika hendikapu zenye farasi 16 au zaidi ni robo, kwa nafasi nne za mwanzo, na siku ya Grand National makampuni mengine huongeza nafasi huku yakipunguza sehemu hiyo. Masharti ya duka hili hayakuwa ukutani wala kwenye karatasi. Nilimuuliza keshia, kijana mwenye adabu, naye akanijibu, "Mzee, hiyo mashine inajipigia hesabu yenyewe." Tiketi aliyonipa ilionyesha shilingi 400 na jina la farasi, basi.

Kero kubwa kuliko zote nimeiacha mpaka sasa: farasi wa kompyuta. Kila baada ya dakika chache skrini moja huwaonyesha farasi wasiokuwepo duniani, wakikimbia mbio ambazo matokeo yake hutolewa na mashine, na kwa hao hakuna uwanja uliolowa, hakuna mkufunzi, hakuna cha kuchambua. Mwaka 2020, Grand National ilipofutwa kwa sababu ya korona, toleo la kompyuta lilionyeshwa kwenye televisheni ya Uingereza na Potters Corner akashinda, lakini kila mtazamaji alijua anachotazama na faida ya madau ikapelekwa kwa mashirika ya hisani ya huduma za afya. Hapa mbio za kweli na za uongo huwekwa kwenye orodha moja, kwa maandishi ya aina moja. Dakika chache kabla ya saa kumi na mbili, farasi wa Aintree wakiwa wanajipanga nyuma ya kamba, skrini iliyo juu ya keshia ilihamishiwa mbwa wa kompyuta, na ikabidi wazee wawili wapige kelele ndipo irudishwe. Duka lililobandika picha ya farasi mlangoni halina udhuru kwa hilo.

Malipo yalikuwa ya haraka. Yote hupitia akaunti ya simu na M-Pesa, kwa hiyo kumbuka ushuru: tangu Julai 2025 asilimia 5 hukatwa unapoweka fedha na asilimia 5 nyingine unapozitoa, hivyo zile 1,200 za mfano wangu hukufikia zikiwa 1,140. Mlinzi mlangoni huomba kitambulisho kwa kila kijana anayemtilia shaka kama ametimiza miaka 18, na sikumwona akimwachia yeyote. Ukienda, chapisha karatasi yako mwenyewe asubuhi, yenye uzito, herufi za rekodi na hali ya uwanja, na umtake keshia akuandikie masharti ya nafasi nyuma ya tiketi kabla hujalipa. Choo kiko ghorofa ya pili. Ufunguo uko kwa mlinzi.